KAZI SITA ZA KARANI WA MKUU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni. Yapigwa chapa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Kamati ilitutaka tuseme juu ya jambo lenye kuwafaa wanachama, nasi tukalichagua jambo ambalo kila mmoja wetu hulinong'ona wakati wa chai, lakini halijapata kusemwa mkutanoni kwa utaratibu. Jambo lenyewe ni kazi ya karani aketiye mlangoni pa Mkuu. Cheo chake kimepewa majina mengi. Zamani aliitwa karani tu. Baadaye akaitwa katibu muhtasi, na wengine wakasema katibu mahsusi. Na siku hizi katika utumishi wa umma wa Tanzania huitwa Mwandishi Mwendesha Ofisi. Jina limebadilika, bali kiti ni kile kile, na mlango ni ule ule.

Twalisema jambo hili kwa kuwa iko hofu. Vijana waliotoka vyuoni hutujia wakauliza: "Kaka, je, kazi hii itakuwapo baada ya miaka 10?" Wamewaona wakuu wao wakijiandikia barua katika simu za mkononi. Wameziona kompyuta zisikiazo maneno ya mtu na kuyageuza kuwa maandishi, ya Kiingereza na ya Kiswahili pia. Wao wamejifunza hatimkato kwa jasho, nao waona kama mtu aliyejifunza kutwanga siku ile ile iliyoletwa mashine ya kusaga. Hofu hiyo si ya kuchekwa, maana ni hofu ya riziki. Mwenye kuuliza hivyo ana kodi ya nyumba mwisho wa mwezi, ana ada za watoto, tena ana wazazi kijijini wamtazamao yeye.

Jawabu letu ni hili. Chukueni tangazo la kazi hii litolewalo na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, myasome majukumu yaliyoandikwa humo. Aghalabu mtayakuta sita. La kwanza, kuchapa barua, taarifa na nyaraka. La pili, kupokea wageni, kuwauliza shida zao, na kuwaelekeza mahali pa kusaidiwa. La tatu, kutunza kumbukumbu za miadi, za wageni, za tarehe za vikao, za safari za Mkuu, na ratiba ya kazi zake nyingine. La nne, kutafuta majalada, nyaraka, au kitu chochote kihitajiwacho kazini. La tano, kufikisha maagizo ya Mkuu kwa wasaidizi wake, na kumrudishia Mkuu habari zitokazo kwao. La sita, kupokea majalada, kuyagawa kwa maofisa, kuyakusanya, kuyatunza, na kuyarudisha yanakohusika.

Hesabuni wenyewe, ndugu zetu. Katika kazi 6, kuchapa ni 1 tu. Mashine iliyokuja imeishika hiyo moja, nazo 5 zingali mikononi mwetu, ikiwa sisi wenyewe hatukuziachia. Karani ajihesabuye kuwa ni vidole tu, huyo ana haki ya kuogopa. Lakini karani azijuaye zote sita, na kuzitenda kila siku hata Mkuu akaziona, huyo ofisi haiwezi kumwondoa bila kujiumiza yenyewe.

Wala si jambo jipya kwa karani kuwa zaidi ya vidole. Wengi wenu mwalijua jina la Martin Kayamba. Alisomeshwa na wamisheni katika shule ya Kiungani, Unguja, kama wengi wetu tulivyosomeshwa na wamisheni katika shule zetu. Akawa karani wa Serikali. Na mwaka 1922 akaanzisha kule Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, ambacho ni babu wa vyama kama hiki chetu. Mwaka 1931 alikuwa mmoja wa mashahidi 3 Waafrika kutoka Tanganyika waliokwenda London kusema mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, iliyokuwa ikichunguza shauri la kuziunganisha karibu zaidi nchi za Afrika ya Mashariki. Baadaye akapandishwa akawa Katibu Msaidizi katika ofisi kuu ya Serikali, Dar es Salaam. Mtu hapelekwi ng'ambo kwa sababu ya wepesi wa vidole. Hupelekwa ajuaye mambo ya nchi, aliyeyasoma majalada akayaelewa, na awezaye kuyaeleza mbele ya wakubwa bila kutetemeka.

Basi, na tuzitazame kazi hizo, tukitaja katika kila moja yale tuliyoyaona kuwa na faida.

Kwanza ni kuchapa. Tumesema ni moja katika sita, lakini hatukusema idharauliwe. Matangazo ya Serikali yamekuwa yakitaka ufaulu wa hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza, maneno 80 kwa dakika kwa ngazi ya chini, na maneno 100 kwa ngazi ya juu yake. Wako wasemao kwamba hatimkato ni ya kale, kwa kuwa Isaac Pitman alitoa yake mwaka 1837. Nasi twajibu kwamba hatimkato humfundisha mtu kusikia. Mwenye kusema hasemi maneno 100 tu kwa dakika, husema zaidi. Kwa hiyo mwandikaji hujizoeza kulishika lililo la maana na kuliacha lililo la kupita. Masikio ya namna hiyo ndiyo yafaayo katika kikao, hata kama mezani pana mashine ya kunasa sauti, na zaidi sana katika kikao ambacho mashine hazikuruhusiwa kuingia.

Barua isitoke mikononi mwako kabla hujatazama mambo 5: kumbukumbu namba, tarehe, jina na cheo cha mwandikiwa, viambatisho, na orodha ya wanaopewa nakala. Tarakimu zisomwe kwa sauti, mmoja akisoma na mwingine akifuata katika karatasi ya asili. Na jina la mtu liandikwe kama lilivyo katika vyeti vyake, si kama tulivyozoea kulisikia. Herufi moja iliyokosewa katika jina ni jambo dogo kwa aliyechapa. Lakini kwa mzee aliyestaafu, ambaye jina la barua halilingani na jina la cheti, herufi hiyo yaweza kumfanya azunguke miezi mingi akitafuta haki yake, leo kwa mwanasheria kula kiapo, kesho kwenye ofisi nyingine. Kompyuta haitamwonea haya mzee huyo. Sisi yapasa tumwonee.

Na muhtasari wa kikao usilale siku mbili. Uandike kesho yake, kungali moto. Katika kila ajenda, msomaji ataka kujua mambo 3: ni nini kilichokubaliwa, nani atakitenda, na lini. Maneno marefu ya wasemaji si lazima yote yaingie; lakini jina la mtendaji na tarehe likikosekana, kikao kijacho kitakapofika kwenye yatokanayo, kila mtu atamtazama mwenzake, halafu wote watamtazama karani.

Pili ni wageni. Tuseme mjane wa mwalimu ametoka wilaya ya mbali kufuata mafao ya marehemu mumewe. Amepanda basi usiku, amelipa kulala, amefika mlangoni pako saa 2 asubuhi. Mkuu hayupo. Njia iliyo nyepesi ni kumwambia, "Njoo kesho, mama." Lakini je, wajua kwamba kesho Mkuu yupo? Wajua kwamba shauri lake ni la ofisi hii, wala si la nyingine? "Njoo kesho" ni maneno mawili kwa asemaye. Kwa aambiwaye ni nauli, na chakula, na usiku mwingine katika nyumba ya wageni.

Kwa hiyo tujifunze kumwuliza mgeni mambo 3, kwa sauti ya upole na kwa utaratibu: Wewe ni nani na watoka wapi? Shida yako ni ipi? Umekwisha kwenda kwa nani, na ulijibiwa nini? Majibu yaandikwe katika daftari la wageni pamoja na namba ya simu. Mara nyingi utaona kwamba shida yake haikumhitaji Mkuu hata kidogo. Yahitaji ofisa wa chumba cha tatu, ambaye yupo. Na kama kweli yamhitaji Mkuu, basi mpe siku iliyo ya hakika, na ukiona safari imemtoa Mkuu siku hiyo, mpigie mgeni simu kabla hajapanda basi. Karani afanyaye hivi hufaa watu 2 mara moja: mgeni hupata haki yake, na Mkuu hupata nafasi ya kufanya kazi.

Tatu ni miadi na safari. Hapa shauri letu la kwanza ni fupi: kalenda iwe moja. Mkuu akiwa na yake katika simu, nawe una yako katika daftari, na dereva ana yake kichwani, siku moja vikao viwili vitakutana saa ile ile, na lawama itakuangukia wewe. Mkubaliane ni ipi iliyo ya kweli, nyingine zote zinakiliwe kutoka hiyo. Shauri la pili: usiijaze siku kama gunia. Kikao cha saa 3 hakiishi saa 4 kamili. Acha dakika kadhaa katikati, mtu apate kusoma karatasi za kikao kifuatacho. Shauri la tatu: kila jioni kabla ya kuondoka, mwachie Mkuu ukurasa mmoja wa kesho, wenye saa, jina la mgeni, jambo lenyewe, na jalada linalohusika.

Na safari ina mambo yake. Barua ya mwaliko iwepo, ruhusa iwepo, na masurufu yaombwe mapema, si siku ya kuondoka. Na Mkuu arudipo, risiti zikusanywe siku hiyo hiyo na masurufu yarejeshewe hesabu, maana masurufu yasiyorejeshwa hukaa katika vitabu kama deni, na mkaguzi hafiki kwa kubisha hodi.

Hapa tusijidanganye. Mashine nayo yaweza kukumbusha saa ya kikao, na hufanya hivyo bila kuchoka. Lakini mashine haijui kwamba mzee aliyeomba dakika 10 hajawahi kumaliza kabla ya nusu saa. Wala haijui kwamba siku hiyo Mkuu ametoka mazikoni, hafai kuletewa shauri la ugomvi. Kujua mambo hayo ni kazi ya mtu, nayo huonekana siku mtu huyo akiwa likizoni.

Nne na sita ni za majalada, nasi twaziweka pamoja kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jalada ni kumbukumbu ya ofisi. Wakubwa huja na kuhamishwa, jalada hubaki. Kila karatasi iingiayo ipewe namba yake ya ukurasa. Kila dokezo liwe na tarehe na sahihi. Dokezo sabili lisiachwe likizunguka kama yatima. Lirudishwe katika jalada lake. Jalada litokapo, andika limekwenda kwa nani na siku gani, hata kama aliyelichukua ni rafiki yako na chumba chake kiko hapo ng'ambo. Wala karatasi isichomolewe katika jalada kwa ombi la mtu yeyote, awe mkubwa kiasi gani. Iko Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, na atakayetafutwa kwanza karatasi ikipotea si yule aliyeomba, bali ni yule aliyekuwa na ufunguo.

Siku hizi ofisi nyingi zimeingia katika mfumo wa e-Ofisi, na majalada yasomwa katika kioo cha kompyuta. Baadhi ya wenzetu wamefikiri kwamba sasa kazi ya jalada imekwisha. Haikwisha. Waraka uliopewa kichwa kibaya hupotea ndani ya kompyuta vile vile kama ulivyopotea kabatini, na pengine zaidi, maana kabati laweza kupekuliwa kwa mikono. Ajuaye kuupa waraka kichwa kilicho wazi, na kuuweka mahali pake, ndiye ambaye Mkuu humwita akitaka jambo la miaka 3 iliyopita.

Tano ni kufikisha maagizo, na hii, kwa maoni yetu, ndiyo iliyo ngumu kuliko zote. Karani hupita katikati ya Mkuu na wasaidizi wake kama daraja. Daraja halichagui wa kupita, wala haliongezi mzigo wake juu ya mizigo ya wapitao. Mkuu akikupa agizo kwa hasira, wewe peleka agizo, hasira iache chumbani. Agizo liandike: nani aliagizwa, atende nini, kabla ya siku gani. Halafu uliulize tena kabla siku hiyo haijafika, si baada yake. Tena jihadhari na neno "Mkuu amesema". Neno hilo lina nguvu ya kuazimwa. Atumiaye neno hilo kwa jambo ambalo Mkuu hakulisema, ataaminiwa mara moja au mbili. Siku ya tatu hataaminiwa hata akisema kweli.

Na habari zipandazo juu, zipande zilivyo. Wasaidizi wakikuambia kwamba kazi haitakuwa tayari siku iliyopangwa, mwambie Mkuu leo, usingoje aulize. Habari mbaya ikifika mapema huwa ni shauri la kutafutiwa njia; ikichelewa huwa ni aibu.

Hizo ndizo kazi sita. Lakini chini yake zote uko msingi mmoja, nao ni siri. Neno la Kiingereza la katibu latokana na neno la Kilatini lenye maana ya siri. Nasi Waswahili twasema, siri ya mtungi aijuaye kata. Karani ni kata. Amejua nani atahamishwa kabla mwenyewe hajajua. Amejua nani ameandikiwa barua ya onyo. Amejua nani ni mgonjwa. Asipotunza kinywa chake, hakuna wepesi wa vidole utakaomwokoa.

Zamani siri ililindwa kwa kufunga kabati. Sasa milango imekuwa mingi. Karatasi iliyo mezani ifunikwe mgeni aingiapo. Kioo cha kompyuta kifungwe kila uinukapo, hata kama waenda kuchukua maji tu. Neno la siri la kufungulia mfumo usimpe mtu, wala Mkuu asikupe lake, maana kila lifanywalo kwa jina lake litakuwa limefanywa naye. Barua isipigwe picha kwa simu na kupelekwa katika makundi ya WhatsApp, ingawa waona ni ya marafiki. Na zile kompyuta za kuandikia watu barua, ambazo vijana wetu wanaziogopa na wengine wanazipenda mno: zitumieni kujifunza na kusafisha lugha, lakini msizitie ndani barua za ofisi, wala majina ya watu, wala habari za mishahara na magonjwa, ila kwa mfumo ulioruhusiwa na mwajiri. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, imeanza kutumika Tanzania, nayo haimsamehe mtu kwa kusema, "Sikujua."

Iko na habari ya mlango wenyewe. Akaaye mlangoni hupewa bahasha. Huanza kwa soda, ikaja nauli, ikaja bahasha, na mwisho mwenye shida asiye na kitu hukaa kwenye benchi mpaka jioni. Twawaomba wenzetu waikatae ile soda ya kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi kuikataa. Tena twasema waziwazi, mbele ya wazee wetu, kwa ajili ya dada zetu ambao ni wengi katika kazi hii: wako wakuu wadhanio kwamba cheo huwapa haki ya mwili wa mtu. Hawana haki hiyo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imelitaja jambo hilo katika kifungu cha 25 kuwa ni kosa, na namba 113 ya TAKUKURU hupigwa bila malipo. Dada aliyepatwa na jambo hilo aandike siku, saa na maneno, aweke nakala mahali pengine pasipo ofisini, na asilibebe peke yake. Chama kipo kwa ajili ya siku kama hiyo.

Sasa tuseme juu ya kupanda. Mlango wa elimu ungali wazi. Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania hufundisha uhazili, na tawi lake la Tabora lilijulikana kwa muda mrefu kama Chuo cha Uhazili; tena kozi za ofisi na kompyuta hutolewa katika vyuo vya VETA. Mwenye cheti na atazame stashahada, ambayo ni ngazi ya 6 katika elimu ya ufundi. Mwenye stashahada asidhani amefika. Zisomeni pia Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009, maana karani ajuaye kanuni za likizo, za safari na za nidhamu huulizwa na maofisa wanaomzidi cheo.

Mwombaji wa kazi aombe kwa mfumo wa Ajira Portal, ayasome masharti yote kabla ya kujaza hata neno moja. Wengi huachwa kwa sababu ndogo: barua haina sahihi, majina ya vyeti hayalingani, au wameweka hati ya matokeo ya kidato cha nne badala ya cheti chenyewe, ambayo matangazo husema wazi kwamba haikubaliwi. Ni huzuni kwa karani, ambaye kazi yake ni nyaraka, kukosa kazi kwa sababu ya nyaraka zake mwenyewe.

Na aliye kazini aweke daftari lake la kazi alizozifanya. Usiandike, "Nina bidii." Andika kwamba mwezi fulani ulipanga kikao cha watu kadhaa na makabrasha yakawafikia wote siku 3 kabla, kwamba majalada yaliyokuwa yamepotea uliyatafuta ukayaona, kwamba orodha ya wageni wanaongoja iliyokuwa ndefu sasa imepungua. Siku ya kupimwa utendaji, au siku ya usaili, mwenye daftari husema kwa hesabu, na asiye na daftari husema kwa kukumbuka.

Mafunzo mengine hayahitaji ada. Washeni redio saa ya habari, mwandike kwa hatimkato dakika 5, halafu msome mlichoandika. Fanyeni hivyo kwa Kiswahili siku moja na kwa Kiingereza siku ya pili. Baada ya miezi michache mtu ataona tofauti mwenyewe, bila kuambiwa.

Mwisho ni habari ya chama. Kule Marekani makatibu walianzisha chama chao cha taifa mwaka 1942, na mwaka 1951 chama hicho kikaanza kutoa mtihani wake chenyewe, ili mwenye kufaulu aheshimiwe kwa ujuzi wake na si kwa huruma ya mwajiri. Kayamba na wenzake pale Tanga walikuwa wamekwisha kuungana miaka 20 kabla ya chama hicho cha Marekani. Basi si kwamba hatuna mfano wa kufuata nyumbani kwetu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaleta mashauri 3 mbele ya mkutano huu, tukiomba yaamuliwe. Shauri la kwanza, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi wanachama wakutane saa 2 kwa zoezi la imla ya hatimkato na kusahihishana barua, wakongwe wakiwafundisha wapya hatimkato, na wapya wakiwafundisha wakongwe kompyuta. Shauri la pili, liwekwe kabati moja la chama lenye Kanuni za Kudumu, sheria tulizozitaja, na matangazo ya kazi, na apatikane mwenye ufunguo na daftari la kuazimia. Shauri la tatu, wateuliwe wanachama 2, mmoja mwanamume na mmoja mwanamke, ambao mwenzetu aliyeonewa mlangoni pa Mkuu aweza kuwaendea kwa siri.

Vijana wameuliza kama kazi hii itakuwapo baada ya miaka 10. Sisi twaamini kwamba mgeni ataendelea kuja mlangoni, jalada litaendelea kutafutwa, na Mkuu ataendelea kumhitaji mtu mmoja wa kumwamini. La kuuliza ni kama mtu huyo atakuwa ni mmoja wetu. Na hilo laamuliwa kesho asubuhi, saa 1 na nusu, kila mmoja aketipo kitini pake.